Kasha la Bibi: Ukijua Thamani, Umebeba Amana



Ndugu zangu na dada zangu, somo hili lilianza chini ya kitanda cha bibi yangu, Biryogo. Limeniumbua kidogo, nanyi mtaona ni wapi. Nimeliandika kwa sababu wengi wetu hapa Masoro tuna bibi au babu mwenye kasha, sanduku au kabati ambalo halijafunguliwa miaka mingi. Siku moja litafunguliwa mbele yako, nawe mwanafunzi ndiye utakayeulizwa: hiki ni nini, na kina bei gani?

Ilikuwa likizo baada ya Idd. Bibi alitaka kupangisha chumba cha nyuma, akaniita nikamsaidie kukitoa vitu. Nikapanda basi hadi Remera, kutoka Remera hadi mjini, kisha Nyamirambo. Nikafika, nikamwamkia, nikaanza kazi. Chini ya kitanda palikuwa na kasha la mbao la marehemu babu. Babu alikuwa mfanyabiashara mdogo, amezunguka Bujumbura, Kigoma na Tabora. Alifariki zamani, na kasha lile halikuguswa.

Ndani tulikuta hivi: kitambaa kilichofungwa sarafu kumi na nne za rangi ya kijivu, zenye picha ya mzungu mwenye kofia ya chuma, sarafu moja kubwa yenye picha ya mwanamke mnene, sarafu moja ya shaba nyekundu yenye maandishi ya Kiarabu, imetobolewa na kutiwa uzi, buli la chai linalong'aa, dele la kahawa, kidani chenye shanga nyekundu, na msahafu mkuukuu uliolegea jalada.

Bibi akaishika ile ya Kiarabu kwa mikono miwili. "Hii usicheze nayo. Hii ni ya zama za Masahaba. Mama yako na wajomba zako wote waliivaa shingoni walipokuwa wachanga." Kisha akazisukuma zile kumi na nne kwangu. "Hizi ni vyuma vya Wajerumani. Mjomba wako alishauza tatu kwa wale wanaopita kununua vyuma. Nipe elfu kumi nilipie umeme, uchukue hizi na hilo limama."

Nilikuwa nadaiwa ada ya muhula. Na nilikuwa naijua ile picha ya mzungu mwenye kofia, kwa sababu nilishaiona katika kitabu cha historia. Nikasema, "Bibi, ngoja niende na moja nikaiulizie, nitarudi." Sikusema zaidi ya hapo. Hilo "sikusema" ndilo nitakalolirudia baadaye.

KUTAMBUA KABLA YA KUTIA BEI

Katika hadithi ya Zayd bin Khalid (r.a.) kuhusu kitu kilichookotwa, Mtume (s.a.w.) alimwamrisha aliyeuliza kwamba kwanza aujue mfuko wake na kamba iliyoufunga, kisha atangaze mwaka mzima. Angalieni mpangilio. Kutambua sifa za kitu kumetangulia kila hukumu nyingine. Mtu asiyejua kitu ni kipi hawezi kumrudishia mwenyewe, hawezi kukigawa wala kukiuza kwa haki. Basi nitaeleza jinsi tulivyovitambua vya kasha lile, kimoja kimoja.

Tuanze na sarafu ya Kiarabu, kwa kuwa sisi wanafunzi wa dini ndiyo tunayoweza kuisoma. Niliishika kwenye mwanga wa dirisha. Hapakuwa na shahada, wala jina la khalifa. Maneno yalikuwa mawili: "Sharika Almaniya", yaani shirika la Ujerumani. Chini yake mwaka 1307. Upande wa pili kuna tai na maandishi ya Kijerumani yanayotaja Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1307 ni wa Hijria. Ukitaka kuugeuza kwa haraka, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. Utapata kama 1889 na kitu, na kweli mwaka 1307 Hijria ulianza Agosti 1889 ukaisha 1890. Hii ni pesa ya shaba ya kampuni ile, iliyotolewa kati ya 1890 na 1892, na pesa 64 zilikuwa rupia moja. Waliandika Kiarabu kwa kuwa watu wa pwani waliokuwa wakifanya biashara walizoea kusoma herufi hizo. Ukikuta nyingine inayofanana nayo lakini ina picha ya mizani na mwaka 1299, hiyo ni ya Sultan Barghash bin Said wa Zanzibar, ya 1881 au 1882.

Kwa hiyo familia yetu, kizazi kizima, iliwavisha watoto shingoni jina la kampuni ya wakoloni ikitaraji baraka. Sisemi hili kwa kuwacheka wazee. Walimwona mtoto ana homa usiku, hapakuwa na hospitali karibu, wakaona herufi za Qur'ani, wakashika walichokuwa nacho. Lakini ni funzo kwetu: si kila kilichoandikwa Kiarabu ni cha dini. Na Mtume (s.a.w.) alishatukataza kutundika vitu tukidhani vinakinga. Soma kwanza.

Sasa zile kumi na nne. Mzungu mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na tai ni Kaisari Wilhelm wa Pili, na hizi ni rupia za fedha za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zilipigwa kuanzia 1890. Zile za mwanzo, hadi 1902, zina simba na mnazi upande wa nyuma pamoja na jina la kampuni. Kuanzia 1904 zina maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na rupia ikagawanywa kwa heller 100. Zilifikaje Kigali? Msisahau kwamba Rwanda ilihesabiwa ndani ya koloni lile hadi Wabelgiji walipoingia mwaka 1916. Richard Kandt alianzisha kituo chake hapa Kigali mwaka 1907, na pamoja na Wajerumani walikuja askari, makarani na wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani na Tabora. Msikiti wa Al-Fatah, uliojengwa mwaka 1913, ni alama ya watu hao. Rupia ndiyo iliyokuwa mshahara wao na mtaji wao. Ukitaka kuona picha ya zama hizo, makumbusho ya nyumba ya Kandt hayako mbali na Nyamirambo.

Rupia halisi ina uzito wa gramu 11.66, na fedha ndani yake ni sehemu 917 kwa 1,000. Maana yake kila moja ina fedha safi kama gramu 10.69. Nilikwenda nayo kwa sonara mmoja mjini, akaipima: 11.5. Iliyotumika sana hupungua kidogo, si kitu. Baadaye tulipopima zote, kumi na tatu zilikuwa kati ya 11.3 na 11.6. Moja ilikuwa gramu 9.1 na ilinasa kwenye sumaku. Fedha hainaswi na sumaku, wala dhahabu, wala shaba. Hiyo ilikuwa bandia, na kwa kuwa ilikuwa imechakaa kama wenzake, nadhani babu naye alitapeliwa nayo akiwa hai.

Kama huna sonara, kuna kipimo cha maji. Weka kikombe cha maji juu ya mizani ndogo ya kielektroniki, irudishe mizani kwenye sifuri, kisha izamishe sarafu ikiwa imening'inia kwenye uzi bila kugusa chini. Gramu zitakazoongezeka ni ujazo wa sarafu. Gawanya uzito wake kwa namba hiyo. Rupia ya kweli itakupa kama 10.3. Shaba ya njano hukaa karibu na 8.5. Mizani iwe inaonyesha angalau sehemu ya kumi ya gramu, na ni bora zaidi ikionyesha sehemu ya mia, kwa sababu kwa kitu kidogo kosa dogo huharibu hesabu.

Ile sarafu kubwa ya mwanamke ni riale ya Maria Theresa wa Austria. Imeandikwa 1780. Binamu yangu aliposoma mwaka huo aliruka: "Tumetajirika! Miaka mia mbili na arobaini!" Nikamwambia atulie. Maria Theresa alifariki mwaka 1780, na sarafu hiyo ilipendwa sana na wafanyabiashara wa Bahari ya Sham, Uhabeshi, Omani na pwani yetu kiasi kwamba waliendelea kuipiga kwa mwaka uleule kwa karne nzima na zaidi. Imepigwa Vienna, imepigwa Rome, London, Bombay na kwingineko, na yote imeandikwa 1780. Kwa hiyo mwaka ulioandikwa juu ya kitu si lazima uwe mwaka kilipotengenezwa. Lakini fedha yake ni ya kweli: gramu 28.07, na ndani yake fedha safi kama gramu 23.4.

Buli la chai lilikuwa linang'aa kuliko vyote, na Bibi aliliweka kando kama fedha tupu. Nikaligeuza. Chini kuna herufi nne: EPNS. Hizo zinamaanisha kwamba ni aloi ya nikeli na shaba iliyopakwa tabaka jembamba la fedha kwa umeme. Ni chombo kizuri cha kunywea chai, lakini si fedha. Fedha ya Kiingereza huwa na mhuri wa simba anayetembea, na ya nchi nyingine mara nyingi namba kama 800 au 925. Na kama lingekuwa fedha tupu, sisi tungekuwa na tatizo jingine, kwani Mtume (s.a.w.) alikataza kunywa katika vyombo vya dhahabu na fedha. Bibi aliposikia hilo alisema, "Alhamdulillah, basi na liendelee kupika chai." Vivyo hivyo, chombo cha kaure kilichoandikwa "Made in" kisha jina la nchi, kwa kawaida ni cha karne ya ishirini au baadaye.

Msahafu nilitazama ukurasa wa mwisho, ambapo waandishi na wachapaji wa zamani huweka jina na tarehe. Ulikuwa wa chapa ya mawe ya Bombay, kama ilivyo misahafu mingi ya zamani iliyosambaa Afrika Mashariki. Kutofautisha chapa na mkono, angalia herufi ileile mahali pawili: kalamu huacha wino mzito hapa na mwepesi pale, na ukipapasa kwa ncha ya kidole mara nyingine utausikia. Msahafu huu hatukuutia bei kabisa. Tuliufunga kwenye kitambaa safi. Yeyote atakayekushauri ukate kurasa za msahafu wa zamani uziuze moja moja zitiwe fremu, usimsikilize.

Neno moja kwa wote: usisafishe. Mimi niliisugua rupia moja kwa dawa ya meno ili nisome mwaka. Ikang'aa kama kijiko kipya. Mzee mmoja mkusanyaji wa sarafu aliponiona nayo alisikitika. Rangi ile ya kijivu huja kwa miaka, na wakusanyaji wanailipia. Kwao, niliyoisugua ilibaki na bei ya fedha yake tu. Futa vumbi kwa kitambaa laini, ishie hapo.

BEI NI TATU, SI MOJA

Kitu kimoja cha zamani kina bei tatu, na ugomvi mwingi unatokana na kuzichanganya.

Ya kwanza ni bei ya madini: uzito wa fedha au dhahabu safi, mara bei ya gramu ya siku hiyo. Hii ndiyo sakafu, usikubali chini yake. Ya pili ni bei ya mkusanyaji, inayotegemea uadimu na hali ya kitu. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa na vita, walipiga Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Hiyo wakusanyaji huilipia zaidi ya dhahabu yake, ndiyo maana bandia zake ni nyingi. Ya tatu ni bei ya ukoo, ambayo haina mnunuzi nje ya nyumba.

Hapa ndipo kidani cha Bibi kinapokuja pamoja na hadithi ambayo kila mwanafunzi wa fiqhi anapaswa kuijua. Fadhala bin Ubayd (r.a.) alinunua siku ya Khaybar kidani chenye dhahabu na shanga kwa dinari kumi na mbili. Alipokitenganisha, alikuta dhahabu yake peke yake inazidi dinari kumi na mbili. Akamweleza Mtume (s.a.w.), naye akaelekeza kwamba kitu kama hicho kisiuzwe mpaka kitenganishwe. Imo katika Sahih Muslim. Wanazuoni wanaileta katika mlango wa riba, kwa kuwa dhahabu kwa dhahabu lazima iwe sawa kwa sawa. Nami naongeza faida ya kawaida: usitie bei kitu kilichochanganyika hadi ujue kila sehemu ni nini. Kidani cha Bibi kilikuwa na mhuri wa 800 kwenye kifungo. Shanga tulidhani ni marijani, lakini kwa kioo cha kukuzia tukaona mapovu madogo ndani yake. Ni kioo. Mkufu ni fedha, shanga ni vioo.

SWALI LILILONIKAMATA

Sasa nirudi kwenye basi. Sonara alishaniambia: ni fedha. Nilikuwa narudi Masoro na rupia moja mfukoni, na kichwani nafanya hesabu: kumi na nne, na limama, kwa elfu kumi. Hata kwa bei ya kuyeyusha, ilikuwa ni faida ya kunimalizia deni la ada.

Na mwanafunzi wa dini akitaka kitu, huwa na haraka ya kukitafutia dalili. Nikakumbuka mfano maarufu katika vitabu vya Kishafii: mtu aliyenunua kioo kwa bei kubwa akidhani ni johari, hana hiari ya kurudisha, kwa kuwa alizembea kuuliza. Nikajiambia, basi na kinyume chake ni hivyohivyo. Bibi ametaja bei mwenyewe. Mimi sikusema uongo. Mauzo yanasihi.

Kesho yake nikamuuliza mwalimu wetu wa fiqhi, kwa namna ya "mtu fulani amefanya hivi". Alinisikiliza hadi mwisho. Hakugusa suala la johari kabisa. Aliuliza: "Huyo bibi, nani amekuambia kwamba ni mali yake ya kuuza?"

Nilinyamaza. Kasha lilikuwa la babu. Babu ameacha mke, watoto wawili wa kiume na wawili wa kike. Mirathi ya nyumba iligawanywa, lakini kasha halikuhesabiwa kwa kuwa kila mtu aliliona takataka. Gawanyeni wenyewe: mke ana thumni, yaani 6 katika 48. Zinabaki 42, kila mwanamume 14, kila mwanamke 7. Bibi alikuwa akiniuzia kwa nia njema kitu ambacho sehemu 42 katika 48 si zake. Na katika hizo, saba ni za mama yangu. Nilikuwa nataka kumnunulia mama yangu mali yake bila yeye kujua.

Kisha mwalimu akaendelea na lile la pili. "Tuseme zote ni zake. Mtume (s.a.w.) alikataza watu kutoka mjini kwenda kuupokea msafara njiani kabla haujafika sokoni. Kwa nini?" Nikajibu: kwa kuwa wenye bidhaa hawajajua bei. "Na akasema mwenye bidhaa akifika sokoni ana nini?" Ana hiari. "Basi bibi yako ni msafara, na wewe umemtokea njiani." Aliposema "bibi yako", nikajua kwamba lile "mtu fulani" halikumpita.

Akanikumbusha pia kisa cha Jarir bin Abdullah (r.a.), kilichosimuliwa vitabuni. Alinunuliwa farasi kwa dirhamu 300, akamwona farasi ni bora kuliko bei hiyo. Akamwendea muuzaji, akampandishia mwenyewe hadi 800. Alipoulizwa, alieleza kwamba alimpa Mtume (s.a.w.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Jarir hakutafuta kauli ya kumruhusu. Mfano wa kioo na johari unaeleza kadhi atahukumu nini mkishafarakana. Hausemi mjukuu amfanyie nini bibi yake wakiwa wamekaa pamoja.

Nilirudi Biryogo jioni ileile. Nikamweka Bibi chini nikamweleza yote: ipi ni fedha, ipi ni shaba, ipi ni bandia. Akanisikiliza huku akiizungusha rupia vidoleni. Kisha akaniuliza swali moja tu: "Uliyajua haya jana ulipoondoka?"

Nikasema, "Mzungu nilimjua, Bibi. Fedha nilikuwa naihisi."

Hakunigombeza. Alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akasema, "Haya. Mpigie mama yako, na wajomba zako."

Tulikaa Ijumaa baada ya swala. Tukaanza na swali la mwalimu: kila kitu ni cha nani? Kidani kikatoka kwanza. Bibi alisema, "Hiki si cha babu yenu. Hiki ni mahari yangu." Kikarudi shingoni mwake, hakikugawanywa wala kutiwa bei. Rupia kumi na tatu na riale moja zikahesabiwa kwa pamoja, fedha safi kama gramu 160. Mjomba aliyeuza tatu akakubali zikatwe katika fungu lake. Buli na dele waliobaki walimwachia Bibi kwa ridhaa yao. Ile pesa ya shaba, uzi wake ulikatwa, nayo iko kabatini kama kumbukumbu tu.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa anayekusudia kuuza, yapo machache ya kifiqhi.

Kuuza fedha kwa faranga ni mkono kwa mkono. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamezipa noti hukumu ya thamani za dhahabu na fedha, kwa hiyo makabidhiano yawe papo hapo. Mnunuzi akisema "nipe leo nitalipa mwisho wa mwezi", kataa. Malipo ya simu yanayoingia mbele yako wengi wao wanayahesabu kuwa ni makabidhiano.

Zaka: nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo hukadiriwa kwa gramu 595. Zetu, gramu 160 za watu watano, hazikufika hata zikijumlishwa pamoja. Lakini aliye na fedha nyingine, dhahabu au akiba ya benki ahesabu mali yake kwa kumuuliza sheikh wake, asifiche sarafu chini ya kitanda akadhani hazihesabiwi.

Ukikuta kitu katika ukuta au uwanja wa nyumba uliyopanga, usikifanye chako kwa sababu tu umekiona wewe. Mwambie mwenye nyumba.

Pembe za ndovu usizitafutie mnunuzi, hata kama ni bangili ya bibi. Biashara yake kati ya nchi na nchi ilizuiwa na mkataba wa kimataifa tangu 1990, na utajiingiza katika kesi.

Na vitu vya Kinyarwanda, kama kibuyu cha kusukia maziwa, icyansi cha mbao au agaseke la zamani, msivitupe kwa kuwa havina mhuri. Kabla ya kukiuza chochote, nendeni mkaone vya mfano wake katika makumbusho ya Huye. Mtarudi mkikitazama chenu kwa jicho jingine.

MASWALI YA DARSA

1. Muuzaji ametaja bei mwenyewe, na mnunuzi hakusema uongo. Je, kunyamaza kunaweza kuwa ghushi? Tafautisheni kati ya aibu ya bidhaa na uzuri wake uliofichika.

2. Katika kasha moja mmekuta mali ya marehemu, mahari ya mjane na kitu kilichowekwa amana na jirani. Mtaanza na kipi, na nani anabeba jukumu la kuthibitisha?

3. Geuzeni miaka hii ya Hijria: 1299, 1304, 1325.

Ada yangu ya muhula nililipa kwa mafungu, kwa kufundisha watoto Qur'ani jioni. Bado nadaiwa kidogo. Bibi naye ananituma sasa kwa majirani zake. Wiki iliyopita bibi wa nyumba ya tatu aliniletea bakuli lililofungwa kwenye gazeti, akasema, "Nimeambiwa wewe ukijua, unasema." Niliona uzito wa maneno yale kuliko wa bakuli.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yetu iwe ni hoja kwa ajili yetu na si dhidi yetu. Wallahu a'lam.